Roketi Huanza Polepole: Kutoka Baghdad Hadi Ngomeni



Hebu leo, wakati unangoja adhana ya magharibi na harufu ya sambusa inakusumbua kutoka jikoni, twende safari fupi. Panda gari Malindi, shika barabara ya Garsen, pita Mambrui, pita Gongoni, halafu ukate kulia kuelekea baharini. Utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Ukisimama ufuoni ukatazama baharini ndipo utajua kwamba hapa si kijiji hivi hivi tu. Kwenye maji ya Ghuba ya Ungwana, juu ya miguu ya chuma, Waitaliano walijenga kituo cha kurushia roketi. Jukwaa moja waliliita San Marco, jengine Santa Rita. Aliyeongoza kazi hiyo ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, na roketi zenyewe, aina ya Scout, zilitoka Marekani.

Sasa rudi nyuma hadi tarehe 12 Desemba 1970. Ni kama wiki mbili baada ya Idd, na ni siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya. Saa nane kasoro dakika chache mchana, Scout moja iliondoka kwenye jukwaa la San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kilo 140 hivi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Bi Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo huko NASA, alipendekeza ipewe jina la Kiswahili kwa heshima ya siku yenyewe. Ikaitwa Uhuru. Vitabu vya elimu ya nyota duniani kote vimeandika jina hilo mpaka leo, na kijana wa Kilifi au Lamu anaweza kumaliza shule bila kulisikia. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Lakini sitaki tuzungumze setilaiti. Nataka tuzungumze zile dakika za mwanzo, tangu moto uwake mpaka roketi ipotee machoni. Manake wengi wetu tunadhani roketi hutoka kama risasi: paa! na imeshafika. Si hivyo. Risasi kasi yake kubwa kabisa ni pale inapotoka mdomoni mwa bunduki. Kuanzia hapo inapungua tu. Roketi ni kinyume chake. Inaanza kutoka sufuri, tena nyingine huanza kwa uzito wa kutia huruma, kisha kila sekunde inaongeza mwendo kuliko sekunde iliyopita.

Mwandishi wa Kifaransa Jules Verne, katika riwaya yake ya mwaka 1865, aliwatuma watu mwezini kwa mzinga mkubwa. Hadithi tamu, lakini abiria wale wangekuwa uji kabla hawajatoka kwenye mtutu. Mwili wa binadamu haudhuriki na kasi. Wewe hapo ulipokaa na tasbihi yako unazunguka pamoja na dunia kwa kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa na hata kikombe cha chai hakitikisiki. Kinachokubana ni kasi inapobadilika. Waulize waliopanda matatu ya Mombasa kwenda Malindi: gari likienda mwendo mmoja unalala usingizi, likikanyagwa mafuta mgongo unagandamana na kiti, likikanyagwa breki unamkumbatia usiyemjua.

Tofauti hii, ya kasi na kuongezeka kwa kasi, haikuanzia Ulaya kama vitabu vyetu vya shule vinavyotufanya tuamini. Baghdad, katika karne ya 12, aliishi mwanafalsafa na tabibu Abu'l-Barakat al-Baghdadi, aliyeandika Kitab al-Mu'tabar. Alijiuliza kwa nini jiwe likianguka linazidi kwenda mbio kadiri linavyoshuka. Jawabu lake: ule uzito unaolivuta jiwe haulisukumi mara moja ukaliacha. Unaendelea kulipa msukumo mpya juu ya ule wa kwanza, na mwengine juu ya huo, na yote inajumlishana. Msukumo usiokatika huzaa kasi inayopanda. Ndugu yangu, ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya roketi, na lilisemwa zaidi ya miaka 500 kabla ya Isaac Newton kuchapisha kanuni zake za mwendo mwaka 1687. Sisemi kwamba Newton aliiba. Kazi ya hesabu aliyofanya yeye ni kubwa na ni yake. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa umeshabishwa.

Roketi zenyewe ni za Wachina, na baruti ni yao. Katika karne ya 13 Hasan al-Rammah wa Sham aliandika kitabu kuhusu upanda farasi na silaha za vita, na ndani yake mna vipimo vingi vya kuchanganya baruti, mna roketi, na hata chombo cha majini chenye kusukumwa na roketi kiende kuchoma meli za adui. Kuna pia kile kisa cha Lagari Hasan wa Istanbul, anayesemekana kuruka kwa roketi mwaka 1633. Aliyekihadithia ni msafiri Evliya Çelebi, mtu aliyependa kutia chumvi, kwa hiyo mimi nakichukua kama hadithi ya kunogesha baraza.

Ambacho si hadithi ni Mysore, kusini mwa India. Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan walikuwa na vikosi vya askari wa roketi, na roketi zao zilikuwa na mwili wa chuma badala ya karatasi au mwanzi. Chuma kilikuwa siri kubwa: baruti ikiungua ndani ya chuma gesi hubanwa zaidi, ikitoka inatoka kwa nguvu zaidi, na roketi huenda mbali zaidi, ikapita kilomita nzima. Jeshi la Waingereza lilizionja katika vita vya Pollilur mwaka 1780. Tipu alipouawa mwaka 1799 Srirangapatna ilipoanguka, roketi zake zilisafirishwa hadi Uingereza, na kuanzia 1804 William Congreve akaanza kutengeneza za kwao kwa kuzitazama hizo.

Hata hivyo hakuna aliyekuwa na hesabu kamili. Aliyeiandika vizuri ni mwalimu wa shule huko Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliyepoteza usikivu akiwa mtoto kwa sababu ya maradhi. Mwaka 1903 alichapisha mlinganyo ambao mpaka leo hakuna anayerusha roketi bila kuupitia. Nami nitakueleza bila namba za kukuumiza kichwa, maana najua saumu imeshakukaba.

Chukua mtumbwi. Umejaa nazi 100, na wewe umo ndani, huna kasia wala tanga. Ufanyeje uende? Shika nazi moja uitupe nyuma kwa nguvu zako zote. Mtumbwi utasogea mbele, kidogo sana. Tupa ya pili, ya tatu. Tuseme wewe na mtumbwi mtupu mna uzito wa nazi 20 (haiwezekani, lakini tuseme). Nazi ya kwanza ilikuwa na kazi ya kusukuma uzito wa nazi 119 zilizobaki. Nazi ya mia, ukiitupa kwa nguvu zile zile, inasukuma uzito wa nazi 20 tu. Mkono wako haukuongeza nguvu, lakini kila nazi inayotoka inakupa mwendo zaidi kuliko iliyoitangulia, na mwendo huo unaongezwa juu ya ule uliokwisha kupata.

Roketi ndiyo hiyo. Nazi zake ni moshi wa moto unaotoka nyuma. Tsiolkovsky alionyesha kwamba kasi ya mwisho inategemea mambo mawili: unazitupa nazi kwa mwendo gani, na mtumbwi uliojaa ulikuwa mzito mara ngapi kuliko mtumbwi mtupu. Na hapa pana uchungu wake. Ukitaka kuongeza kasi kidogo tu, mafuta unayohitaji yanaongezeka kupita kiasi, kwa sababu mafuta ya mwisho lazima yabebwe na mafuta ya kwanza.

Tuangalie mfano mkubwa kuliko yote ya wakati wake, Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969. Ilikuwa na urefu wa mita 110 na ikiwa tayari kuruka ilikuwa na uzito wa tani zaidi ya 2,900. Injini zake tano za chini zilisukuma kwa nguvu ya kuinua tani 3,400 na kitu. Toa hesabu hapo: nguvu karibu zote zinaishia kubeba mzigo usianguke, na inayobaki ya kuongeza mwendo ni kama moja ya saba. Ndiyo maana ukitazama filamu zake unaona lile jitu linaning'inia pale juu ya moto, kama halitaki kwenda. Sekunde 10 za kwanza haikuzidi kilomita 80 kwa saa. Wallahi gari dogo la kawaida lingekwenda nayo sambamba.

Lakini kila sekunde ilikuwa inateketeza mafuta tani 13 hivi. Mzigo unashuka, msukumo haushuki. Tena unapanda, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na moshi unatoka bila kuzuiwa. Baada ya dakika mbili na zaidi, wanaanga waliokuwa wamelala migongo yao walikuwa wanabanwa na uzito unaokaribia mara nne ya uzito wao. Wahandisi walilazimika kuizima injini ya katikati mapema, kwenye sekunde ya 135 hivi, ili mambo yasizidi. Sehemu ya chini ilipokwisha mafuta na kuachwa ianguke baharini, dakika tatu hazijatimia, roketi ilikuwa kilomita 67 juu na inakwenda zaidi ya kilomita 9,000 kwa saa.

Na yule Scout wetu wa Ngomeni? Huyu alikuwa mdogo, mita 22 hivi, mwembamba kama mlingoti wa jahazi, na fueli yake ilikuwa kavu, si ya maji. Roketi za namna hiyo hazina subira. Msukumo wake ukilinganisha na uzito ni mkubwa zaidi, basi hakuning'inia, aliondoka. Alikuwa na vipande vinne vilivyopandana: Algol chini, halafu Castor, Antares na Altair juu. Kila kimoja kikimaliza kazi kinatupwa. Kwa nini ubebe gamba la chuma lisilo na faida? Ni sawa na kutupa makapu baada ya nazi kwisha.

Kuna jambo moja katika safari ya Scout ambalo hunifurahisha. Baada ya kipande cha tatu kuzima, roketi haikuwasha cha nne papo hapo. Iliachwa ipande yenyewe, kimya, kama jiwe lililotupwa juu. Na muda huo kasi yake ilikuwa inapungua, kwa sababu ardhi inaivuta nyuma. Asiyejua angesema imeharibika. Kumbe inabadilisha mwendo kuwa kimo. Ilipofika juu kabisa ya mnyanyuko wake, ikiwa imelala sambamba na dunia, ndipo Altair ikawashwa na kuisukuma hadi kilomita 27,000 na zaidi kwa saa. Chini ya hapo setilaiti ingerudi chini.

Utauliza, kwani Waitaliano walikosa bahari kwao mpaka waje Ngomeni? Rudi kwenye ile kasi ya dunia niliyokutajia. Mahali karibu na ikweta ardhi inakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Cape Canaveral, Florida, ni kama 1,470. Baikonur ya Kazakhstan ni kama 1,160. Kwa hiyo roketi ya Ngomeni, kabla hata kiberiti hakijawashwa, ilikuwa na mtaji ambao wengine hawana. Tena mashariki yake ni Bahari Hindi tupu, magamba yaanguke yanavyotaka. Na setilaiti ya Uhuru ilitakiwa izunguke juu ya ikweta, ikwepe sehemu yenye mionzi mingi juu ya Atlantiki ya Kusini ambayo ingevuruga vyombo vyake. Kutoka Florida ingebidi roketi igeuze njia huko juu, na kugeuza njia ukiwa kwenye kasi ile kunakula mafuta kuliko unavyofikiri.

Sasa tuingie mwezi wetu. Tarehe 17 Juni 1985, saa moja na nusu asubuhi, Florida. Mwezi wa Ramadhani 1405 ulikuwa umebakiza siku moja au mbili. Ndani ya chombo cha Discovery alikuwamo rubani kijana wa Saudi Arabia, Sultan bin Salman, hajatimiza miaka 29, Mwarabu wa kwanza kwenda anga za juu. Mwenyewe ameeleza kwamba siku ile alikuwa amefunga. Hebu fikiri: umekula daku, umefungwa mikanda, umelazwa chali kwa masaa, chini yako kuna tani 2,000 na zaidi, nyingi zikiwa ni mafuta.

Chombo hiki kilikuwa na haraka kuliko Saturn. Hadi kinapita juu ya mnara kilikuwa kinakaribia kilomita 160 kwa saa. Haijafika dakika moja, kimeupita mwendo wa sauti. Na hapa ndipo pana mtihani. Hewa humpinga anayekwenda mbio, na ukizidisha mwendo mara mbili, upinzani unazidi mara nne. Juu zaidi hewa inakwisha na upinzani unakufa wenyewe. Lakini katikati, karibu na dakika ya kwanza, kuna mahali ambapo mwendo umeshakuwa mkubwa na hewa bado ipo ya kutosha. Hapo ndipo chombo hupigwa zaidi. Dawa yake ni ile ya dereva mwenye busara kwenye barabara mbovu: unapunguza mafuta. Injini tatu kubwa za Discovery zilipunguzwa hadi hapo papitwe, kisha zikafunguliwa tena.

Dakika mbili, zile roketi mbili za pembeni zikaachwa, kasi karibu kilomita 5,000 kwa saa. Karibu na mwisho injini zilipunguzwa tena, mara hii kwa sababu chombo kimekuwa chepesi mno na abiria hawatakiwi kubanwa zaidi ya mara tatu ya uzito wao. Mtu wa kilo 70 anajihisi 210, kifua kimekandamizwa, na mate ya saumu mdomoni. Dakika nane na nusu, kilomita 28,000 kwa saa, injini zikazimwa, uzito ukatoweka. Huko jua huchomoza na kutua kila dakika 90 hivi. Swali la nani afuturu saa ngapi si la mzaha, na Malaysia walipompeleka Sheikh Muszaphar Shukor tarehe 10 Oktoba 2007, ikiwa Ramadhani vile vile, baraza lao la fatwa lilitoa mwongozo: saa zifuatwe za mahali chombo kilipoondokea.

Sultan alirudi salama tarehe 24 Juni. Miezi saba baadaye, tarehe 28 Januari 1986, chombo ndugu yake, Challenger, kiliruka asubuhi ya baridi kali. Mipira ya kuzibia maungio ya roketi ya pembeni iligandishwa na baridi ile, na moto ukapenya. Wahandisi walikuwa wameonya usiku uliotangulia, hawakusikilizwa. Chombo kikapunguza mafuta ilivyotakiwa, kikaongeza tena ilivyotakiwa, na kwenye sekunde ya 73 kikavunjika. Watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule ambaye wanafunzi walikuwa wanamtazama kwenye runinga. Unapowaona wataalamu wamekodoa macho kwenye namba za dakika mbili za mwanzo, wanajua wanatazama nini. Ni dakika ambazo kila kitu kinabadilika kwa pamoja: uzito, hewa, msukumo, kasi.

Ngomeni haikupata msiba wa namna hiyo. Kati ya 1967 na 1988 Scout tisa zilipeleka setilaiti kutoka pale. Uhuru yenyewe ilifanya kazi hadi Machi 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei angani, na kilichoonekana kupitia kwake kilisaidia kuthibitisha kwamba mashimo meusi yapo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Roketi ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo majukwaa yakanyamaza, lakini antena za kituo cha nchi kavu hazikunyamaza. Kwa miaka mingi zilikuwa zinapokea ishara za roketi za Ariane 5 zilizorushwa kutoka Kourou, Amerika ya Kusini. Hadi zinapita juu ya pwani yetu ule mwanzo wa polepole ulikuwa umeshabaki nyuma, ng'ambo ya Atlantiki na bara zima la Afrika, na wavuvi wa Ngomeni waliokuwa wakivuta nyavu chini hawakusikia kitu.